Mwingize Wendell

Marlee Dietz alikuwa na habari, na Marlee akiwa na habari ni soda iliyotikiswa, ukigusa kifuniko tu umelowa. Jumamosi ile asubuhi aliingia mgahawani kwa Peggy koti bado mwilini, akapita kaunta ya maandazi bila hata kumsalimia Peggy mwenyewe, akaenda moja kwa moja mpaka meza ndefu ya dirishani anakokaa baba yake na wenzake, akasema, "Kifundo kimepona. Anacheza."

Hakuna aliyeuliza nani. Mji wetu mzima wa Corley ulikuwa unajua kwamba Jumamosi inayofuata Chuo cha Dunmore kinatoka Ohio kuja kucheza mpira wa kikapu na Makorongo, timu ya chuo chetu cha Tolliver, na kwamba Wendell Purcell, aliyekuwa Korongo, siku hizi ni wa Dunmore. Wasiwasi ulikuwa kifundo cha mguu. Kilikuwa kimevimba, watu wakasema hatacheza. Lakini Marlee anafanya kazi ofisi ya tiketi ya chuo, na jana yake watu wa Dunmore walikuwa wamepiga simu kuomba viti vya familia za wachezaji, naye, katikati ya mambo ya viti, akachomeka swali la kifundo kama vile halimhusu.

Baba yake, Gene, akamvutia kiti. Mzee Burl Haskins, aliyewahi kufundisha hesabu nusu ya mji, akagonga meza kwa kijiko. Kesi ikafunguliwa.

Maana meza ile ina mila yake. Wengine wakinywa kahawa Jumamosi wanaongea mvua na mahindi. Meza ya Peggy inafungua kesi. Kila msimu unapoanza, kabla mechi za maana hazijafika, wanamchukua mchezaji aliyeondoka, awe alimaliza au alihama, wanampandisha kizimbani hata kama yuko Ureno anatafuta riziki yake, wanamsikiliza upya. Alipewa dakika zake? Alichezeshwa nafasi yake au alizibishwa pengo la mtu? Alipohama, alikimbia au alisukumwa? Mzee Burl ndiye hakimu, kwa sababu dakika za kila mchezaji anazo kichwani kama wengine walivyo na Zaburi. Mwaka juzi walimsikiliza Lonnie Brandt, mrefu kama mlingoti, ambaye miaka yote minne walimwita gogo. Wakabishana asubuhi nzima, wakaja kuona kwamba Lonnie hakuwa gogo hata kidogo, ila waliokuwa wanaendesha mpira walikuwa hawampi pasi. Wakamwachia huru. Lonnie mwenyewe anauza matrekta Nebraska na hajui kama aliwahi kufungwa. Mwingine, aliyehamia chuo kikubwa cha Texas kufuata majina, alihukumiwa asitajwe jina mezani mpaka Pasaka, na hadi leo anaitwa Yule.

Basi siku ile ikawa zamu ya Wendell. Mshtaki alikuwa Dwight, kinyozi, ambaye hata ukimwambia leo ni Jumamosi atataka ushahidi.

"Mheshimiwa," Dwight akasema, "kijana alikuwa na miguu ya ng'ombe wa maziwa. Kumkaba mtu hawezi. Kocha ampe dakika za nini, za kupigia picha?"

Watu wakacheka. Marlee akangoja wamalize.

"Na Dunmore wamembadilishia miguu?" akauliza. "Mwaka jana kacheza karibu mechi nzima, kila mechi, na yeye ndiye aliyekuwa anawabeba. Miguu ni ileile, Dwight. Ni vile tu huko amepata mtu wa kumwamini."

Dwight akajitia andazi mdomoni. Gene alikuwa anatazama kikombe chake, fahari imemjaa mpaka masikioni, hataki ionekane. Mzee Burl akasimulia zile dakika kwa kichwa, msimu kwa msimu: pale Tolliver, Wendell alisugua benchi mpaka likang'aa, na kila alipoingizwa ilikuwa lala salama, mechi imeshaamuliwa, watu wanatafuta funguo za magari. Hukumu haikuchelewa. Kocha ana hatia. Wendell anadai. Na kwa kuwa kocha hatalipa, atalipa ukumbi: Jumamosi ijayo, akitokea tu, ukumbi mzima usimame umwimbie wimbo wake, ajue kwamba sisi tulikuwa upande wake tangu zamani.

Wote wakamgeukia Marlee, maana wimbo ni wake.

Mambo yalikuwa hivi. Wendell alikuja Tolliver bila ufadhili wowote, mtoto wa mfuga nguruwe kutoka kusini ya jimbo, kajilipia, kaomba majaribio, kapita kwa tundu la sindano. Familia za Corley huwa zinagawana wachezaji wa mwaka wa kwanza, kila nyumba na wake, wa kumlisha Jumapili baada ya kanisa, na akina Dietz wakaangukiwa na Wendell. Kijana alikuwa anakula tambi za kuku juu ya viazi vya kuponda kana kwamba kuna mtu anamkimbiza, kisha anaosha vyombo bila kuombwa, kisha anatoka na Marlee kwenda kurusha mpira kwenye pete iliyopigiliwa juu ya mlango wa gereji. Marlee naye alikuwa anasoma hapohapo chuoni. Mwanzo alikuwa anamtania. Baadaye ikawa Jumapili ndiyo siku pekee anayochana nywele kwa utaratibu. Hawakuwa wameambiana kitu, lakini mama yake, Rhonda, mwanamke wa maneno machache, alianza kukumbuka kazi za ndani kila wawili wale wakiwa nje.

Wimbo ulizaliwa majira ya baridi ya mwaka ule wa kwanza. Makorongo walikuwa wameiacha timu ya watu mbali kabisa, wachezaji wote wa akiba wameshaingia, kabaki Wendell peke yake na fulana yake ya kupashia mwili. Marlee akasimama. Alikuwa hajapanga. Akapiga kelele, "Mwingize Wendell!" Akarudia. Jukwaa la wanafunzi likadaka, upande wa pili ukajibu, kidogo kidogo ukumbi mzima, wazee kwa watoto, mwingize Wendell, mwingize Wendell, mpaka kocha akacheka na kumpungia mkono. Wendell akaingia, akapokea mpira mbali mno na pete, akaurusha, ukazama. Corley haijasahau. Tangu hapo, kila mechi ikishakuwa mfukoni, wimbo unaanza. Watu waliokuwa na tabia ya kuondoka mapema wakaacha kuondoka. Zikachapwa fulana. Zikakatwa sura zake za karatasi ngumu, kubwa kama ungo. Kulikuwa na nyota waliokuwa wanacheza mechi nzima na hawajawahi kupigiwa makofi kama yale ya Wendell katika dakika zake za jioni.

Kisha, mwisho wa mwaka wa pili, dirisha la kuhama lilipofunguliwa, Wendell akapeleka jina lake. Hakumwambia mtu. Jumapili ile Rhonda alipakua, wakangoja, tambi zikashikana, na Marlee akaja kusoma kwenye simu kama mtu yeyote wa barabarani kwamba Purcell anaondoka. Alimwandikia. Alimwandikia tena. Ujumbe ulikuwa unasomwa, haujibiwi.

Mwaka na nusu Marlee aliibeba ile, na ukibeba kitu muda huo wote utakitafutia mwenye kosa. Akampata kocha. Dakika zile za huruma ndizo zilimfukuza Wendell, na aibu ndiyo ilimzuia kuaga. Ukiliweka hivyo linaingia akilini, na halimuumizi mtu wa nyumbani. Kwa hiyo kushinda kesi kwa Peggy hakukuwa mchezo kwake. Alitaka Wendell asikie mji mzima ukimwomba radhi kwa niaba ya kocha. Halafu alitaka, mechi ikiisha, aje Jumapili ale. Hilo la pili hakumwambia mtu, ila Rhonda alikuwa ameshanunua kuku.

*

Siku ikafika. Mechi ilikuwa saa tisa mchana, na asubuhi Dunmore walipewa ukumbi wapashe mwili. Marlee alikuwa na ufunguo wake wa kazini, na sababu za kupita pale angezipata hata kumi. Akapita. Wendell alikuwa upande wa mbali, peke yake, anarusha mitupo huru kwa utulivu wa mtu anayepanga matofali. Mabega yamepanuka. Nywele kakata. Alipomwona akaushika mpira, akasimama nao.

Marlee alikuwa ameandaa maneno, yakatawanyika yote. Akaanza kumwambia kila kitu kwa pamoja: kesi, hukumu, Dwight alivyonyamazishwa, fulana za zamani zilivyotolewa makabatini, sura za karatasi, mzee Burl na zile dakika, watu wa Corley wanajua sasa kwamba alionewa, na leo akitajwa tu, ukumbi mzima utasimama umwimbie. Alikuwa anacheka huku anaongea. Ilimchukua muda kuona kwamba anacheka peke yake.

"Marlee," Wendell akasema, "usiwaache waimbe."

Marlee akadhani anaona haya tu. Akamwambia aache unyenyekevu, ni wimbo wake.

"Si wangu. Ule haujawahi kuwa wangu." Alikuwa anaugeuzageuza mpira mikononi, macho kwenye mpira. "Mlikuwa mnaniita mkishashinda. Hamjawahi kuniita hata siku moja tukiwa nyuma."



Wendell akaendelea polepole, bila hasira, na afadhali angekuwa na hasira. Akamweleza kwamba mazoezini, mwaka ule wa pili, alikuwa anawashinda wawili waliokuwa mbele yake, na kocha msaidizi aliwahi kumwambia ukweli: ni vigumu kumwingiza mechi ikiwa ngumu, kwa sababu ukimsimamisha tu ukumbi unaanza kucheka, na wenzake nao wanaanza kucheza kichekesho, wote wanamtafutia yeye mpira arushe kutoka mbali. Alikuwa amekuwa kitu cha kuonyesha kwamba kazi imekwisha. Baba yake alikuwa anaendesha gari kutoka shambani, anakaa katikati ya zile sura za karatasi. Siku moja wakiwa njiani alimuuliza, kijana, mbona watu wale wanakucheka? Wendell akamjibu kwamba hawamcheki, wanampenda.

"Kwa nini hukuniambia?" Marlee akauliza.

"Ningekwambiaje? Ulikuwa unafurahi sana." Kisha akamtazama. "Sauti ya kwanza ilikuwa yako kila mara. Nilikuwa naijua. Jumapili nikija kwenu kula nilikuwa bado naisikia."

Hakusema kwa kumsuta. Alisema kama mtu anavyokwambia mtaa aliowahi kukaa. Akamwomba kitu kimoja tu: leo acheze kama mtu mwingine yeyote. Wamzomee ikibidi, wageni huzomewa. Lakini wasimwimbie. Marlee akamwahidi. Aliahidi kwa roho moja, na alipofika mlangoni ndipo alipokumbuka kwamba huo wimbo si wake tena kuuzuia.

*

Kwa Peggy walishajaa. Fulana zimetolewa, sura za karatasi zimeegemezwa dirishani na vitini, Wendell wa mwaka wa kwanza anatabasamu kwenye kila kiti. Marlee akasimama mwisho wa meza akawaambia wasiimbe. Akawaambia kila kitu, ila lile la sauti yake hakuliweza.

Meza, kwa kuwa ni meza ile, ikafungua rufaa. Dwight akauliza kama shahidi ana kiapo. Mmoja akasema huo ni ujanja wa Dunmore, wanataka ukumbi upoe. Mwingine akasema vijana wote husema hawataki, hata bibi yake Dwight hutaka keki yake ya siku ya kuzaliwa akishakataa mara mbili. Mzee Burl peke yake alikunja uso na kusema kwamba kwa haki, tukipiga hesabu, ni kweli hajawahi kuimbiwa timu ikiwa nyuma, hata mara moja. Alilisema kwa mshangao, kama aliyekuta kosa kwenye kitabu alichokifundisha miaka yote. Lakini mtu alishaagiza kahawa nyingine, na mazungumzo yakampita.

Gene akamshika binti yake bega.

"Mwanangu, unajua nilivyompenda yule mtoto."

"Najua, baba."

"Basi. Mtu hawezi kupendwa na ukumbi mzima akaumia. Ana woga wa mechi tu. Akisikia, atalia, utaona."

Marlee akatoka mbio kwenda kuwatafuta vijana wanaoongoza jukwaa la wanafunzi. Walikuwa wanajipaka rangi usoni. Akawaomba. Wakampigia saluti, wakamwambia wamemwelewa kabisa, dada, hakuna wimbo, huku wanakonyezana, maana nani hajui kwamba Marlee Dietz ndiye mwenye wimbo? Walidhani anawapanga kumfanyia Wendell mshtuko. Wakamwahidi mshtuko mkubwa kuliko alivyoomba.

*

Na bado, kwa muda mrefu, ilikuwa kama Mungu amewasikia. Wachezaji walipotajwa mmoja mmoja, watu walisimama kwa Wendell wakapiga makofi, makofi ya kawaida ya heshima, akainua mkono kidogo, ikaisha. Mpira ukarushwa juu, na hapo Corley ikaona kitu ambacho haikuwahi kukiona. Wendell alikuwa anacheza.

Hakuwa na madoido. Alikuwa anakaba, Dwight akitazama. Alikuwa anamwita mwenzake kwa kidole kabla pasi haijatoka, anafika kwenye mpira uliogonga pete kabla wengine hawajajua kama umekosa. Alipopewa nafasi alifunga, asipopewa aliuhamisha mpira. Mapumziko yalifika Dunmore wakiongoza, na ukumbi ulikuwa na kimya kile cha watu wanaohesabu kitu walichokitupa. Gene alisema, kwa sauti ambayo hata yeye hakuitarajia, "Huyu tulikuwa naye." Marlee alikuwa amekaa kati ya baba na mama, mikono katikati ya magoti, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akavuta pumzi mpaka chini. Alimtazama Wendell akirudi kukaba, jasho likimtiririka, mzito, mkali, hana hata chembe ya kuchekesha, akawaza kwamba basi inatosha, hata asije kula, hata asimwandikie tena maisha yake yote, mradi mchezo uishe hivi.

Kipindi cha pili refa akampa Wendell faulo ya nne, bado moja atolewe kabisa, na kocha wa Dunmore akamtoa ili asije akakosa mwisho. Hapo mechi ikapinduka. Bila yeye Dunmore wakawa kama nyumba iliyong'olewa nguzo. Makorongo wakasawazisha, wakapita, wakazidi kupita, mpaka ubao ukawa unasema kitu ambacho hakibadiliki tena. Wendell alikuwa ameketi benchi na taulo shingoni. Ikawa lala salama. Makorongo mbele, mechi mfukoni, Wendell benchi.

Marlee aliliona kabla halijatokea. Alimshika baba yake mkono.

"Baba, tafadhali."

Gene alikuwa ameshasimama. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na hayo ndiyo mambo ambayo Marlee hataweza kumweleza mtu: hakukuwa na dhihaka hata moja usoni mwa yule mzee. Alikuwa ameona mchezaji aliyempoteza, na alikuwa na njia moja tu ya kumwambia. Akajaza kifua. "Mwingize Wendell!"

Jukwaa la wanafunzi lilikuwa linasubiri hilo tu. Sura za karatasi zikapanda zote kwa pamoja. Mwingize Wendell, mwingize Wendell, kutoka kusini, kutoka kaskazini, kutoka kwa wauza bisi, mpaka viti vikatetema. Marlee alipiga kelele waache. Sauti yake ikaingia katikati ya zile sauti, na kwa aliyekuwa mbali haikuwa na tofauti. Mama yake akamvuta akae.

Kocha wa Dunmore ni mtu wa Ohio. Yeye alisikia ukumbi wa wapinzani unamheshimu kijana wake, akatabasamu, akamgusa Wendell begani. Wendell akatingisha kichwa. Kocha akamgusa tena. Kijana akavua taulo, akalikunja vizuri, akaliweka kwenye kiti chake, akaingia, na ukumbi ukalipuka kama zamani.

Kila mpira ulipomfikia wakapiga kelele arushe. Alikuwa ametoka kucheza mechi bora kuliko mtu yeyote mle ndani, na kwa pumzi chache ikawa kama haijatokea. Wenzake wapya wakaanza kucheka kidogo, hawajui wanacheka nini, wakamtafutia mpira. Akaupata, peke yake, hana wa kumkaba, palepale mbali na pete alipofungia mwaka wa kwanza. Hata Makorongo walisimama wamtazame. Wendell aliushika mpira. Ukumbi ukavuta pumzi. Akaupitisha kwa mwenzake, taratibu, pasi ya kifuani kama wanavyofundishwa watoto, akashusha mikono. Ulirudishwa kwake. Akaupitisha tena. Ukumbi ukaguna, ule mguno wa kitoto wa watu walionyimwa peremende, na vicheko juu yake. Mara ya tatu akaubana kwapani, akasimama nao hivyo hivyo mpaka honi ikalia.

*

Baada ya mechi, kwetu, wachezaji wageni wanatokea mlango wa nyuma kwenda kwenye basi, na watu wanaowafahamu hupanga mstari pale kuwashika mikono. Mstari wa Wendell ulifika mpaka kwenye maegesho. Wote walikuwa na furaha. Dwight alikuwa anawaambia watu kwamba anafuta mashtaka yote, na kwamba lile la kukataa kurusha ndilo lililomuua kabisa kwa kicheko, kijana bado ana vichekesho vyake.

Wendell akatoka amebeba begi, nywele mbichi. Aliwashika mikono mmoja mmoja. Alipofika kwa Rhonda akaweka begi chini akamkumbatia, na Rhonda, ambaye si mtu wa kukumbatia, hakumwachia haraka. Akamwambia kitu sikioni. Yeye akaitikia kwa kichwa. Habari ya Jumapili haikutajwa. Gene alimshika mkono kwa mikono yake miwili akamwambia walimpenda sana, kila mtu mji huu alimpenda, na Wendell akasema anajua, mzee Gene, asante.

Kisha akafika kwa Marlee.

Marlee alikuwa na maneno ya kusema. Alitaka kusema kwamba alijaribu. Alitaka kusema kwamba ile sauti, akiisikia leo, haikuwa inaimba. Akamtazama usoni akitafuta mahali pa kuanzia, na uso ule ulikuwa mzuri, mtulivu, umefungwa, uso ambao wachezaji huwawekea watu wa kwenye mstari.

"Asante kwa kuja," Wendell akamwambia, akampa mkono.

Akamshika. Mkono ulikuwa wa moto, umetoka kuoga. Ukamwachia, ukaenda kwa mzee aliyesimama nyuma yake, na Marlee akasikia yule naye anaambiwa asante kwa kuja, kwa sauti ileile.

Basi liliondoka. Watu walilipungia. Gene akaja uso mzima unang'aa, akamuuliza binti yake kijana amemwambia nini.

"Amesema asante kwa kuja."

"Unaona?" Gene akasema, akampangusa chozi shavuni kwa kidole gumba, akidhani ni la baridi. "Yule mtoto ana adabu."